Usisugue Kabla Hujasoma: Mazungumzo Bombo Kuhusu Bastola Ndogo za Zamani

Asalaam aleikum. Wazee wangu, mama zangu, na ninyi vijana mliosimama huko mlangoni kwa kukosa viti, shikamooni wakubwa, hamjambo wadogo. Nimefurahi kuitwa Bombo. Hapa watu hawahitaji kuelezwa Keya ni nini, lile jeshi la Waingereza la King's African Rifles, kwa sababu nyumba nyingi za mji huu zina babu aliyeivaa sare ile, na Kiswahili tunachokizungumza jioni hii kiliingia katika nyumba hizo kwa mlango huohuo wa kambi.

Niruhusuni nianzie mbali kidogo. Mwezi wa Februari 1862, Mwingereza John Hanning Speke alifika kwa Kabaka Mutesa wa Kwanza akiwa na zawadi, na orodha ya zawadi hizo alituachia mwenyewe kwa maandishi. Kulikuwa na sanduku la bati, vitambaa vinne vya hariri, bunduki ya Whitworth, saa ya dhahabu, bastola moja ya silinda ya kuzunguka, kabini tatu (bunduki fupi), singe tatu, sanduku la risasi, sanduku la fataki (vile vikofia vidogo vya kulipulia baruti), darubini, kiti cha chuma, mafurushi ya shanga, na visu, vijiko na uma za mezani. Sasa sikilizeni vizuri. Bunduki kubwa imetajwa kwa jina la aliyeibuni. Hata kiti tumeambiwa ni cha chuma. Bastola imeitwa bastola tu. Haikuandikwa imetengenezwa na nani, ina tundu ngapi, wala ina alama gani. Sanduku la fataki linatuambia kwamba silaha za zawadi ile, au baadhi yake, zilikuwa za kupachika fataki, hazikuwa za risasi yenye ganda. Hapo ndipo habari inapokatika. Kitu kilichotolewa mbele ya mfalme, katika siku ambayo kila mtoto wa shule Uganda amesimuliwa, hatuwezi kukitambua hata kikiwekwa mezani leo, kwa sababu mwenye kalamu hakuandika mstari mmoja zaidi.

Mstari huo mmoja ndio umenileta kwenu.

Mimi nilikuwa fundi wa silaha. Miaka 26 nimekaa katika maghala nikifungua, nikisafisha, nikihesabu. Nilipostaafu niliendelea na kazi ileile bila mshahara, isipokuwa sasa nakusanya bastola ndogo za zamani kwa karatasi. Msinielewe vibaya. Nyumbani kwangu hakuna hata moja. Sheria ya Silaha ya 1970 inataka cheti kwa kila silaha, na mtu asijidanganye kwamba bastola ikiwa na umri wa babu yake basi imekuwa pambo. Ukiikuta shambani au darini, usiibebe kwenye mfuko wa kaveera ukaleta kwangu. Iache hapohapo, ita polisi. Ninachokusanya ni picha, michoro, vipimo, ala za ngozi, makasha matupu ya risasi, na madaftari ya watu waliowahi kuzishika. Nina faili kumi na nne. Mke wangu amenipa kabati zima, Mungu ambariki.

Nitawaeleza bastola moja, kwa sababu hiyo moja ilinifundisha kuliko zote.

Miaka michache iliyopita vijana walikuwa wanachimba shimo la choo. Kwenye kimo cha kiuno, sululu ikagonga chuma. Wakatoa donge la udongo mwekundu, wakalivunja, ndani mna bastola ndogo. Walifanya vizuri, wakaipeleka kituoni. Ofisa mmoja aliyenifahamu akanipigia simu: Afande, njoo uone kabla haijapelekwa mbele. Nikapanda boda nikaenda. Nilipewa nusu saa, meza moja, na askari wa kunisimamia.

Nilipofika nilitaka kulia. Mtu fulani pale, kwa nia njema kabisa, alikuwa ameshaisafisha. Alichukua brashi ya waya, kisha msasa, akasugua ubavu wa kushoto na mgongo wa fremu juu ya silinda mpaka pakang'aa kama sufuria ya sikukuu. Akaniambia kwa fahari, mzee, ilikuwa chafu sana. Nikamshukuru, kwa sababu alinikirimu kwa moyo. Lakini alichokifuta ni maandishi.

Nikawasha tochi yangu, nikailaza karibu kabisa na chuma ili mwanga upite ubavuni kama jua la saa kumi na mbili jioni. Mwanga wa namna hiyo unaonyesha kivuli cha shimo ambalo kidole hakilioni. Mgongoni, karibu na mwisho, zikatokea herufi tatu hafifu: D, O, G. Nyingine zote zilikuwa zimekwenda na msasa.

Mwenye kujua bastola hapo angesema kazi imekwisha. Mtutu mfupi wa inchi mbili na nusu hivi, silinda nene ya tundu tano, mlango mdogo wa kujazia upande wa kulia, mpini uliopinda kwa ndani (mbao yake ilishaliwa na mchwa, ukabaki uti wa chuma), na neno linaloishia na DOG. Hii ni British Bulldog, bastola ya mfukoni ambayo nyumba ya Webley ya Birmingham ilianza kuiuza 1872. Ilikuwa maarufu mno. Rais Garfield wa Marekani alipopigwa risasi kituo cha treni Washington mwaka 1881, aliyempiga alikuwa na Bulldog.

Basi ofisa akaandika: bastola ya Kiingereza, Webley. Nikamwomba asubiri.

Silinda ilikuwa imenusurika, maana ni ya mviringo na udongo ulikuwa umekaukia kwenye mifuo yake, msasa haukufika vizuri. Nikachukua kijiti cha meno na tone la mafuta, nikauondoa udongo polepole sana, bila chuma kugusa chuma. Chini yake ukatokea muhuri mdogo, umbo la yai lililosimama, usiozidi punje ya mtama. Ndani yake herufi E, L na G, na chini ya herufi nyota. Huo ni muhuri wa nyumba ya kupimia silaha ya Liège, Ubelgiji. Kila mtutu na kila silinda iliyotengenezwa Liège ilifyatuliwa kwanza kwa baruti nyingi kupita kiasi, na ile isiyopasuka ndiyo iliyogongwa muhuri huo. Kwa hiyo jina la mgongoni lilikuwa la Kiingereza na mwili ulikuwa wa Kibelgiji. Mafundi wa Liège waliiga Bulldog kwa maelfu, wakaandika jina lake juu, kwa sababu jina ndilo lililouza. Waliiga pia Wahispania, Wafaransa na Wamarekani.

Kuna jambo la pili ndani ya muhuri uleule. Juu ya yai hapakuwa na taji. Taji iliongezwa 1893. Silinda isiyo na taji, yenye nyota, ilipimwa kabla ya mwaka huo. Kwa kijiti cha meno na tochi ya shilingi elfu tano tulijua nchi na tukajua mwaka ambao haiwezi kuuvuka. Na mimi nikawa nimebaki na dakika nane.

Najua mnachokiwaza, maana hapa ni Bombo. Kabla ya 1893! Hizo ni siku za Emin Pasha, gavana wa Ikweta, siku za Kapteni Lugard kupanda kilima cha Old Kampala, siku za wazee wenu, askari wa Kisudani aliowaleta Lugard kutoka Kavalli 1891. Taratibu, ndugu zangu. Muhuri unasema lini ilipimwa Liège. Hausemi lini ilifika shimoni. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulikusudia kuzuia silaha za kisasa kuingia Afrika kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini, na Uganda yote imo humo, lakini bastola ya mfukoni inaingia katika mzigo wa mtu kama kisu. Inaweza kuwa ilikuja na msafara kutoka pwani, inaweza kuwa ilikuja miaka arobaini baadaye kwenye sanduku la mwenye duka. Mtu akikupa hadithi ya bastola, iandike kama hadithi. Alama iandike kama alama. Zisikae mstari mmoja.

Nimekaa sana kwa Bulldog kwa sababu ndiyo somo lote. Tuzitazame na zile ambazo wakusanyaji duniani wanazipenda zaidi, ndogo za Smith & Wesson, kwa kuwa hizo zinasomeka hatua kwa hatua kama daftari la mwanafunzi.

Mwaka 1857, Springfield, jimbo la Massachusetts, Horace Smith na Daniel Wesson walitoa bastola yao ya kwanza ya kuzunguka yenye risasi ya ganda. Ndogo kabisa: kipimo cha .22, tundu saba, haina kilinzi cha kifyatulio, kifyatulio chenyewe kimetokeza chini kama chipukizi la mgomba. Kuijaza, unafungua kishikizo chini, mtutu unainuka juu kwa bawaba, silinda unaitoa yote mkononi. Waliyemtegemea ni mtu aitwaye Rollin White, aliyekuwa na hataza ya 1855 ya silinda iliyotobolewa kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Leo tunaona ni jambo la kawaida. Wakati huo silinda nyingi zilikuwa zimezibwa nyuma, unajaza kwa mbele, unapachika fataki. White alilipwa senti 25 kwa kila bastola, na mkataba ukamtwisha yeye mzigo wa kuwashitaki wezi wa wazo lake. Kesi zikamla. Hataza ilipoisha 1869 aliomba msaada wa Bunge, Bunge likakubali, Rais Grant akaikataa ile sheria Januari 1870. Mimi humwonea huruma sana White. Na hataza ilipokwisha, viwanda vidogo vya Marekani vilifurika na bastola za bei chee za kifyatulio cha chipukizi. Kwa hiyo ukiona bastola ya Kimarekani ya aina hiyo, silinda imetobolewa yote, na si Smith & Wesson, fikiria kwanza miaka ya baada ya 1869.

Hiyo Namba Moja ilitoka mara tatu, na jicho linaweza kuzitenganisha bila kusoma hata herufi. Ya kwanza, ya 1857 mpaka 1860, mbavu za fremu zimeviringa, na kifuniko cha ubavuni ni kiduara kidogo. Ya pili, kuanzia 1860 hadi 1868, mbavu zimenyooka bapa, kifuniko ni kikubwa na hakina umbo maalumu. Zote mbili mtutu una pembe nane, silinda laini, na mpini umekatwa mraba chini. Ya tatu, ya 1868 na kuendelea, imebadilika sura: mtutu mviringo, silinda ina mifuo, mpini umepinda kama kichwa cha ndege. Mkusanyaji anayesoma umbo kwanza na jina baadaye hatapeliwi kwa urahisi. Jina linagongwa kwa dakika moja. Kubadilisha mbavu za fremu ni kazi ambayo mwigaji haiwezi bila kuacha alama.

Kuna nyingine ndogo ya Kifaransa ambayo sitaki kuiruka, Velo-Dog, kazi ya Galand wa Paris katika miaka ya 1890. Ilitengenezwa kwa ajili ya waendesha baiskeli waliokimbizwa na mbwa. Risasi yake nyembamba ya milimita 5.75 hivi, nyingi nyundo imefichwa ndani, kifyatulio kinakunjwa kisikwame mfukoni. Watu wa Busia, waliotuanzishia boda boda kwa baiskeli kupitia mpaka, wangeelewa shida ile mara moja, ingawa dawa yake nisingeikubali.

Sasa tuje kwenye silinda inayofunguka pembeni. Smith & Wesson walianza nayo 1896, kipimo .32, tundu sita. Mpaka hapo ndogo zao za risasi ya ganda zilikuwa za kukunjuka, mtutu juu au mtutu chini. Ile ya 1896 ina tarehe za hataza zimegongwa kuzunguka silinda yenyewe, si kwenye mtutu, na hilo peke yake latosha kuitambua. Fremu hiyo ndogo waliiita I. Iliishi zaidi ya nusu karne. Mwaka 1950 walirefusha fremu na silinda kidogo ili iingie risasi ya .38 Special, tundu zikawa tano, wakaiita fremu J. Bastola ya kwanza ya J walienda kuionyesha kwenye mkutano wa wakuu wa polisi Colorado Springs, na wakuu haohao ndio walioichagulia jina, Chiefs Special. Mwaka 1957 kiwanda kilianza kutumia namba za modeli na hiyo ikawa Modeli 36.

Wakusanyaji wanagombania zile za mwanzo za J, na sababu ni vitu vidogo. Kitasa cha kufungulia silinda, kile cha kusukuma kwa kidole gumba upande wa kushoto, cha mwanzo kilikuwa bapa, kikaendelea hivyo mpaka kama 1966. Mbao za mpini zilikuwa na almasi ndogo iliyoachwa bila kuchorwa kuzunguka skrubu, ikaondolewa 1968. Idadi ya skrubu za fremu ilipungua kadiri miaka ilivyokwenda. Za kwanza kabisa zina tano. Hesabu skrubu, tazama kitasa, tazama almasi. Almasi lakini ni ya mbao, na mbao hubadilishwa. Ushahidi wa mbao uuweke chini ya ushahidi wa chuma.

Hapa kuna kosa ninaloliona kila mwezi. Mtu anafungua silinda, anaona namba imegongwa ndani, pale mkono wa silinda unapokaa kwenye fremu. Anaiandika kama namba ya mfululizo. Hapo mara nyingi ni namba ya kazi ya kiwandani, na kuanzia 1957 kuna namba ya modeli. Namba ya mfululizo ya ndogo hizi itafute chini ya mpini, kwenye kitako. Kisha uitafute tena nyuma ya silinda na chini ya mtutu. Zikilingana, sehemu hizo zilitoka kiwandani pamoja. Nimeona rekodi za ghala zima zenye namba za kazi badala ya namba za mfululizo. Silaha ikipotea, rekodi ya namna hiyo haiwezi kumsaidia mpelelezi yeyote.

Risasi nitazigusa kwa ufupi, kwa sababu ni hatari. Kuna .38 za aina mbili zinazochanganywa. Ile ambayo Waingereza waliitumia kwenye Enfield Namba 2 ya 1932 ni ya ganda la .38 S&W, fupi na nene kidogo. Ile ya Chiefs Special ni .38 Special, ndefu na nyembamba. Kuandika "thelathini na nane" peke yake hakumsaidii mtu. Na bastola za enzi ya baruti nyeusi, kama ile Bulldog ya shimoni, hazikuumbwa kwa nguvu ya risasi za leo. Zisifyatuliwe. Hata na mtaalamu, zisifyatuliwe.

Nimeombwa niseme pia nini kifanyike. Uganda ni miongoni mwa nchi zilizotia saini Itifaki ya Nairobi ya 21 Aprili 2004, ambayo inataka silaha ziwekwe alama na zisizohitajika ziharibiwe. Naiunga mkono kwa moyo wote. Nimefanya kazi Karamoja, nimeona silaha imemfanyia nini mtoto wa miaka tisa, sihitaji kushawishiwa. Ombi langu kwa wenye dhamana ni dogo tu. Kabla ya chuma cha zamani kwenda kwenye tanuru, mtu mmoja apewe robo saa na simu ya kawaida. Apige picha ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto, juu, chini ya mpini, nyuma ya silinda. Aweke rula pembeni. Aweke karatasi nyembamba juu ya kila muhuri asugue na penseli laini, umbo litajichora lenyewe kwenye karatasi, hata pale kamera inaposhindwa na kutu. Na alama mpya ikigongwa, isigongwe juu ya ya zamani. Chuma kiyeyushwe, karatasi zibaki. Ile Bulldog imekwenda, na ni haki iende. Mimi ninayo karatasi yake, yai, herufi tatu na nyota, imo faili la sita, nimekuja nayo leo, mwenye kutaka ataiona.

Kwa familia za hapa, msitafute bastola. Babu wa Keya wengi hawakuruhusiwa kuvaa bastola, hiyo ilikuwa ya maofisa. Tafuteni mikanda, ala, picha za harusi ambamo ofisa amesimama pembeni, vitabu vya malipo, makasha. Ala ya ngozi hushika umbo la kilicholala ndani yake miaka ishirini. Ukiiona imevimba mahali silinda ilipokaa, unaweza kupima upana wa silinda ambayo hujawahi kuishika. Na tafadhali msiipake rangi ya viatu. Najua mnataka ipendeze.

Nilipoingia hapa mama mmoja amenionyesha kitu kimefungwa katika kanga ya bluu, akaniambia ni cha baba mkwe wake, kilikuwa juu ya dari tangu wahame 1979. Nimekigusa kwa nje tu, ni ngozi, kitupu, na nyuma ya kifuniko nimehisi kwa kidole kama kuna mshale mpana, alama ya mali ya serikali ya Uingereza, umegongwa na tarakimu mbili chini yake. Mama, kama bado uko, njoo hapa mbele tukae kwenye meza hii. Vijana, zimeni hiyo taa ya juu kidogo, nipisheni nilaze tochi.